M Moja na Wino Mwekundu

Katika lugha yetu, kiambishi kidogo cha -m- hubeba mzigo mkubwa. Nilimwona, nilimpa, nilimjibu: aliyeonwa, aliyepewa na aliyejibiwa wote hukaa chumba kimoja ndani ya kitenzi, wala hakuna anayeuliza nani kipozi na nani kitondo. Washairi wenzangu mtaongeza kwamba katika "nilimpa" m hiyo hudai mizani yake peke yake, na katika "nilimwona" humezwa na irabu. Hiyo ni hesabu ya sauti tu, maana haigombani.

Mfaransa amevigawa vyumba. Amwonaye mtu husema "je le vois", au "je la vois" akiwa mwanamke. Ampaye mtu kitu hutumia "lui", mwanamume na mwanamke sawasawa. Tena huweza kuwaweka wawili pamoja, "je le lui donne", jambo ambalo kitenzi chetu hulikataa: nampa, basi, kitabu kitajwe nje au kinyamaziwe.

Nilipokuwa nikisomesha Kifaransa katika skuli moja ya hapa Unguja, nilijitungia kanuni niliyoiona nzuri mno. Kitenzi cha Kiswahili kikiwa katika kauli ya kutendea, andika "lui"; kisipokuwa, andika "le" au "la". Nampigia simu, "je lui téléphone". Namtazama, "je le regarde". Wanafunzi waliipenda, nami nikajipenda zaidi.

Msichana mmoja, ambaye bibi yake alikuwa Mngazija aliyesoma Kifaransa kwao, alifasiri "namtii" kuwa "je lui obéis". Nikaikata kwa wino mwekundu, nikaandika juu yake: "je l'obéis". Akanyoosha mkono. Nikamwambia aushushe.

Miaka ilipita. Siku moja nikitafuta neno jingine kabisa katika kamusi, jicho likaangukia "obéir à". Nikaendelea kufunua kurasa. "Répondre à" nayo vivyo hivyo, ingawa "namjibu" haina kutendea yoyote. Na kinyume chake: "namngojea" ina kutendea iliyo wazi, lakini Mfaransa husema "je l'attends". Nilikuwa nimekitungia Kifaransa sheria kutoka katika sarufi ya Kiswahili, bila ya kukitaka shauri. Ile "à" hujifunzwa pamoja na kitenzi chake, kimoja kimoja, na hakuna njia ya mkato.

Nilikuwa nimeshastaafu nilipokutana naye Forodhani, akiwatembeza watalii wa Kifaransa. Alinipa shikamoo kwa adabu ileile ya darasani. Nikamwambia, "Mwanangu, ile 'lui' yako ilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosa."

Akacheka. "Nilijua, Mwalimu. Nilimwonyesha bibi daftari jioni ileile."

"Akasemaje?"

"Alisoma, akalifunga, akanirudishia. Akasema: huyo ni mwalimu wako, mtii."