Upepo wa Tairi

Nyamisati hadi Bungu ni mchanga. Bungu hadi Kibiti ni lami, na malori ya Lindi na Mtwara. BMW R 1250 GS, kilo 249, imeundwa imudu kote kuwili. Siiamini: ikizama mchangani, nani ataiinua? Boxer tunainyanyua wawili.

Bibi alishuka boti kutoka delta, hoi. Tukapanda mshikaki, yeye katikati. Dereva akapunguza upepo wa tairi, mchanga tukauvuka vizuri tu. Bungu fundi mwenye pampu alikuwa ameshafunga. Kwenye lami pikipiki ikaanza kuyumba.

“Kaka, polepole.”

“Dada, giza hilo linaingia.”

Bibi alikuwa ameacha kuuliza tumefika wapi.