Usingoje Taa Nyekundu

Mpwa wangu mpendwa,

 

Nimesikia umenunua Probox iliyokwisha kutembea kilomita 240,000. Hongera. Watu watakutisha kwa namba hizo, usiwasikilize. Injini yake ya 1NZ ikitunzwa huzipita, na utunzaji wenyewe kwa sehemu kubwa ni oili.

Gari la umri huo hula oili. Ringi na sili za valvu zimechakaa, kidogo inaungua, kidogo inavuja. Kwa hiyo usikae kusubiri siku ya kumwaga oili. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hujawasha, gari likiwa pahala tambarare, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, kisha ichomoe tena usome. Oili ikikaribia alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usivuke alama ya juu: ikizidi, krenki huipiga ikafanya povu, na povu halilainishi chuma. Ile taa nyekundu ya dashibodi haipimi kiasi, inaonya presha imeshuka. Ikiwaka ukiwa njiani, weka pembeni uzime hapohapo. Huenda beringi zimeshaanza kusagana.

Weusi wa oili usikushtue, kazi yake ni kubeba uchafu. Ogopa ikifanana na chai ya maziwa. Hapo maji ya rejeta yameingia, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi, na gari lisiwashwe tena mpaka fundi alifungue.

Mwaga kila kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Kwenye foleni za Mbagala injini inazunguka saa nzima na kilomita hazisogei, basi usizitegemee peke yake. Filta badilisha kila mara. Injini hiyo huchukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Kopo la lita 4 litakubakishia ya kuongezea.

Kuna fundi atakayekushawishi utie 20W-50 "injini ikaze". Kama inakula sana, kutoka 5W-30 kwenda 10W-40 sina ugomvi nako. Lakini mfumo wa valvu wa injini hiyo, VVT-i, hufanya kazi kwa presha ya oili inayopita kwenye vitundu vyembamba, na oili nzito huchelewa kufika. Tena wapo wauzaji wa magari wanaoitia makusudi kuficha kelele na moshi, ndiyo maana oili uliyoikuta humo uimwage wiki hii, hata kama inang'aa.

Nunua kwenye duka linalotoa risiti, na kopo tupu ulitoboe mwenyewe kabla hujaondoka gereji. Makopo mazima hurudi sokoni yakiwa na oili ya kuchuja.

Oili ya gia usimruhusu mtu aibadilishe kwa kukisia. Aina yake isome kwenye kitabu cha gari.

Andika kilomita za siku ya kumwaga kwenye kikaratasi, ukibandike ndani ya boneti. Na Jumamosi hii nipigie uniambie dipstiki imesoma wapi.

Mjomba wako