Springi Haiulizi Urefu, Inauliza Mzigo

Fundi wa Singida mjini hakuniuliza nataka gari linyanyuke inchi ngapi. Alilizunguka mara moja, akapanda juu ya bampa ya nyuma kwa uzito wake wote, akashuka ghafla, akatazama bodi inavyotulia. Kisha akasema, "Kaka, gari hili unabebea nini?"

Sikuwa na jibu. Miezi miwili nyuma, dukani nilikonunua vifaa, swali lilikuwa moja tu: inchi ngapi? Nikasema mbili. Nikauziwa springi ndefu, shokapu za gesi, matairi mapana na rimu za kutokeza nje. Kwa kuwa matairi sasa yalichungulia nje ya bodi, nikauziwa pia zile kingo pana zinazofungwa juu ya tairi kuongeza upana wa madigadi. Nimezoea kuziita kope, maana kazi yake ni ya kope: kuzuia kinachoruka kisifike panapoumia. Habari ya mzigo sikuulizwa, nami sikuitaja.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei. Mvua zilikuwa zimekatika lakini mbuga bado zina maji. Shemeji yangu hununua asali Itigi, na kabla ya kwenda huko alitaka kuwaona wazee wake upande wa Shelui. Tukakubaliana twende na magari mawili, na kila tukisimama tulinganishe. Lake ni Land Cruiser Mkonga la zamani, la kabla ya 1999, ambalo magurudumu yote manne yamekalia springi za vyuma bapa. Langu ni pikapu ya V8: mbele koili, nyuma bapa. Yeye amevaa matairi ya 235/85R16, mimi 285/75R16. Nilinunua daftari jipya dukani karibu na stendi, nikapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto lake, kulia langu.

Sekenke

Kutoka Singida hadi Misigiri ni lami, na upepo wa Singida hukusukuma ubavuni kana kwamba una ugomvi na wewe. Hapo niliandika jambo la kwanza upande wangu: stelingi imekuwa nyepesi, haina haraka ya kurudi katikati baada ya kona. Fundi alikuwa amenieleza sababu. Ukiinua mbele ya gari la koili, ekseli inazunguka kidogo, na ule mlalo wa gurudumu unaolifanya lijinyooshe lenyewe unapungua. Dawa yake ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, zinazorudisha ekseli kwenye pembe yake ya awali. Sikuwa nimeziweka.

Kwenye mteremko wa Sekenke tulishuka polepole nyuma ya malori. Nyuma ya magari mengi ya aina hii kuna kifaa kinachogawa nguvu ya breki kwa kupima umbali kati ya bodi na ekseli. Ukiinua bodi, kifaa kinadhani gari halina mzigo, na breki za nyuma zinapunguziwa nguvu. Fundi alikuwa amekirekebisha kabla hatujaondoka, akapima pia kama mipira ya breki inatosha gurudumu likining'inia. Kwenye mteremko ule nilimshukuru kimoyomoyo. Mtu anayenunua urefu hana budi kununua na hayo yote, na mara nyingi hayatajwi dukani.

Sekenke ni mlima wa dhahabu. Mgodi wake wa enzi za Wajerumani ulitoa dhahabu iliyofuliwa sarafu ya rupia 15 mjini Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto. Juu ya sarafu hiyo amechorwa tembo aliyeinua mkonga. Nikamwambia shemeji kwamba gari lake lina ndugu kwenye dhahabu ya hapa. Akaugusa mkonga wa gari lake wa kuvutia hewa juu, akatabasamu.

Wembere

Chini ya Sekenke nchi inalala, na Wembere inaanza: udongo mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu unaingia, na masika unageuka ulimbo. Tuliacha lami, tukafuata njia ya ng'ombe.

Hapa ardhi yenyewe iliandika daftari. Nilishuka nikatazama nyuma: gari la shemeji limeacha mifereji miwili myembamba, langu miwili mipana, kila mmoja una ngazi ubavuni. Toyota ilipoweka injini ya V8 kwenye magari haya mwaka 2007, ekseli ya mbele ilipanuliwa kuipa injini nafasi, na madigadi ya mbele yakatanuliwa kiwandani. Ekseli ya nyuma ikabaki nyembamba kwa karibu sentimita 9.5. Gurudumu la nyuma halipiti sawasawa pale la mbele lilipokwisha kushindilia. Sehemu yake moja inafungua njia mpya kwenye tope, na injini inalipa gharama. Rimu zangu za kutokeza hazikuipunguza tofauti hiyo, maana zinatanua mbele na nyuma sawasawa, na kila sentimita ya kutokeza inaongeza mzigo kwenye beringi.

Tairi jembamba la shemeji lilikata tope likatafuta ardhi ngumu chini. Langu lilielea juu kwa muda, kisha likaanza kubeba. Udongo wa Wembere haudondoki. Unajipaka, unakauka, unapakwa tena. Kope zilifanya kazi yake vizuri: vioo vya pembeni vilibaki safi, na shemeji alilazimika kusimama mara mbili kufuta vyake. Lakini nyuma ya kope tope lilijazana hadi tairi likaanza kulisugua. Nilipiga magoti nikalichokoa kwa kijiti. Kijana mchunga ng'ombe alisimama akatutazama, akaniletea kijiti kirefu zaidi.

Jioni, Shelui, tulipima. Difu yangu iko juu kuliko ya shemeji kwa milimita 14 tu. Nilidhani nimekosea, nikapima tena. Hesabu haikubadilika. Springi huinua bodi, lakini difu imekaa kwenye ekseli, na ekseli imekaa kwenye matairi. Kipenyo cha tairi lake ni kama milimita 806, langu 834, na difu inapata nusu ya tofauti. Inchi mbili za springi zimeipa bodi nafasi, zimelipa tairi kubwa uwazi wa kuzunguka, zimenisaidia nisigonge ngazi ya mlango kwenye kingo. Jiwe lililo katikati ya njia hazijalihusu. Tairi hilohilo pia limeudanganya mshale wa mwendo: kama ulipimwa kwa tairi la ukubwa wa lile la shemeji, ukisema 80 gari linakwenda karibu 83.

Itigi

Tulirudi Singida, tukashuka kusini hadi Mkiwa, tukakata kulia kwenda Itigi na kuendelea upande wa Rungwa. Kwenye vipande vya vumbi barabara ina makunyanzi, mistari midogo iliyopangana kama migongo ya samaki. Hapa springi inapanda na kushuka mara nyingi kwa dakika, na shokapu ndiyo inayouzuia mchezo huo kwa kuugeuza kuwa joto. Tuliposimama nilisogeza mkono karibu na shokapu zangu, joto lake likanifikia kabla sijazigusa, lakini bado zilikuwa zinakaza. Za shemeji zilikuwa zimevuja, na nyuma ya gari lake ilikuwa inatapatapa. Katika safari nzima, shokapu ndicho kifaa nilichokilipia bila majuto.

Hata hivyo gari tupu lilinitikisa mimi zaidi. Springi zangu za nyuma zimetengenezwa kwa mzigo wa kudumu. Bila mzigo hazikubali kuinama. Shemeji alishusha upepo wa matairi kutoka paundi 40 hadi 28, akapunguza mwendo, akaendelea kuzungumza na abiria wake bila kupaza sauti. Tairi laini ndiyo springi ya kwanza ya gari, na haigharimu kitu ila subira ya kujaza tena.

Vichaka vya Itigi si msitu wa miti mirefu. Ni matawi yaliyofumana, yanayobana njia ya mizinga pande zote mbili. Bodi nyembamba ya shemeji ilipita. Kope yangu ya nyuma ilishika kisiki, ikapasuka klipu mbili, ikajikunja, ikarudi. Niliumia, kisha nikatazama: bati la madigadi halikuguswa. Bati la shemeji lilikuwa na michoro mipya ya miiba toka mlangoni hadi taa ya nyuma. Kope imeumia kwa niaba ya mwili. Nilipoing'oa kuifunga upya nilikuta tope la Wembere limekaa ndani, na kwenye matundu ya skrubu kutu imeanza. Tangu siku hiyo, kila baada ya tope nazifungua na kuosha nyuma yake. Na matundu nimeyapaka rangi.

Warina asali walitupimia ndoo 20 za lita 20. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja inakaribia kilo 1.4, kwa hiyo kila ndoo ilikuwa karibu kilo 28, na jumla kilo 560. Tulizipakia zote kwenye pikapu yangu.

Gari lilikaa. Bapa zilinyooka, stelingi ikapata uzito, makunyanzi yakapungua makali, na kwa kilomita zote za kurudi nilikaa kwenye kiti kama mtu aliye nyumbani. Gari lilelile, springi zilezile. Shemeji alinifuata kwa nyuma, akanipigia simu: "Shemeji, leo gari lako linatembea."

Singida

Fundi alikuwa anafunga gereji tulipofika. Sasa nilikuwa na jibu, nikamsomea daftarini: kwenda, watu wawili na maturubai, kurudi, kilo 560, mara mbili au tatu kwa msimu. Siku nyingine zote, mimi na begi langu.

Alifikiri kidogo. Asubuhi alifungua yu-bolti, akatoa bapa moja nene kila upande, akanifungia kwa kamba ili nisipoteze. "Wakati wa asali, lete turudishe," akasema. Akaweka na zile bushi za mbele. Alipima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa kope, kabla na baada. Gari lilikuwa limeshuka sentimita tatu, zaidi ya nusu ya urefu wa nyuma nilioulipia.

Niliziandika sentimita hizo upande wangu wa daftari, nikamkabidhi kalamu naye aandike mwenyewe jibu la swali lake la kwanza. Aliandika: *Asali.*