Nilijisahihisha bila kutazama njia

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari Tanga. Kabla sijaeleza yaliyonipata, nieleze kwanza nililomfanyia mtu. Miaka michache kabla sijaugua, dada mmoja anayefundisha Kiswahili alikuwa akikaa ofisini kimya, macho dirishani, kengele inalia hasikii. Nikamwambia mbele ya walimu wenzetu, "Dada, kaza moyo. Kila mtu ana mawazo." Watu wakacheka. Yeye akachukua chaki akaenda darasani. Mimi nikaona nimemshauri.

Yangu yalianza na madaftari. Kidato cha pili nilikuwa na wanafunzi 62, na madaftari yao nilizoea kuyamaliza kwa siku mbili. Yakalala wiki, kisha wiki tatu. Nikayarundika chini ya meza nyumbani, nikayafunika kwa kanga ya mama watoto nisiyaone. Usingizi ukawa unakatika saa tisa usiku na haurudi. Baiskeli ilipata pancha, pancha tu, ikakaa ukutani miezi miwili. Msikitini niliacha kwenda. Niliona haya kusimama mbele ya Mungu na uvivu wangu. Ndilo jina nililojipa, mvivu. Neno sonona nililisikia redioni, nikadhani ni maradhi ya wenye nafasi ya kuumwa.

Kichwani ilizunguka sentensi moja: huna faida kwa mtu. Niliiamini kama ninavyoamini kanuni ya Pythagoras. Ikafika mahali nikaona heri nisingekuwepo, na hilo sikumwambia yeyote, hata mama watoto tunayelala kitanda kimoja.

Aliyenigundua ni yule dada. Alinikuta stoo ya vitabu nimekaa juu ya katoni, kipindi changu kimeshapita. Angeweza kunirudishia maneno yangu, na ningestahili. Akavuta katoni nyingine, akakaa. "Mwalimu, mimi nilitibiwa. Kesho nakupeleka." Kesho yake akaomba ruhusa, tukaenda wote hospitalini, akaningoja kwenye benchi toka asubuhi hadi saa nane mchana.

Ndani niliulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujiona umeshindwa. La tisa liliuliza kama nimefikiria kufa. Nilitaka kudanganya. Nikasema kweli, na hakuna aliyenishangaa. Alama za juu kabisa ni 27. Mimi nilipata 19. Daktari akanianzishia vidonge, akanionya kwamba vitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kisha akanikabidhi kwa mwanasaikolojia, kijana ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha.

Kijana huyo alinieleza kwamba tiba anayotumia ilianzishwa na Aaron Beck, daktari wa Marekani, miaka ya 1960. Beck aliona wagonjwa wake wanapitiwa na mawazo ya haraka ambayo wanayaamini bila kuyahoji. Maelezo hayo hayakunigusa sana. Lililonigusa ni daftari. Nichore safu: kilichotokea, wazo lililonijia, nilivyojisikia, ushahidi unaoliunga mkono, ushahidi unaolipinga, kisha wazo lenye haki zaidi. Wiki ya kwanza nilirudi na kurasa tupu. Ya pili nilileta mstari mmoja: mwanafunzi alisinzia, kwa hiyo sijui kufundisha.

"Wale 61 wengine?" akauliza.

Nikanyamaza.

"Mwanafunzi akikosa jibu, unampa sifuri?"

Nikamwambia hapana, natazama njia kwanza, njia ina alama zake. Akanitazama tu, hakusema neno.

Lakini safu zilikuwa nyepesi kuliko pancha. Aliniambia nisingoje hamu. Nianze na kitu kidogo, hamu itafuata nyuma. Kuziba pancha kulinichukua siku nne. Ya tano niliendesha baiskeli hadi Raskazone, nikatazama bahari dakika kumi, nikarudi. Furaha niliipima nikaandika 2 kati ya 10. Wiki iliyofuata nikaandika 4.

Baadaye akanifundisha kutuliza akili katika jambo lililo mbele yangu. Nilisita, nikahisi natiwa katika dini ya watu. Akasema Jon Kabat-Zinn aliyapeleka mazoezi haya hospitalini Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na kwamba huko mtu huanza kwa kula zabibu kavu moja polepole. Yeye alileta chungwa la Muheza. Machungwa nimekula maisha yangu yote, sikuwahi kusikia ganda likipasuka chini ya kidole. Kabla sijafika kokwa, akili ilishakimbilia kwenye madaftari. Ikikimbia irudishe, akasema, usiigombeze. Ilikimbia labda mara ishirini. Mpaka leo hukimbia, ila sasa sentensi yangu ya zamani ikija naweza kusema hilo ni wazo, limekuja. Kiswahili kilikuwa kinanifundisha siku zote: mtu akisononeka tunasema ana mawazo. Nililitamka neno hilo kumcheka mwenzangu bila kulisikia.

Mwaka uliofuata, wakati wa masika, hali ilirudi. Mama watoto alinikuta natafuta kanga. "Baba, leo hapana," akasema, akaketi kando yangu, akawa ananipa daftari moja moja hadi yakafika kumi. Asubuhi tukarudi kliniki pamoja. Vidonge bado nameza. Nimeambiwa nisiviache kwa uamuzi wangu.

Yule dada nilikwenda kumwomba radhi, stoo ileile. Akacheka, akasema alishasahau. Hakusahau. Siku aliyovuta katoni akakaa alikuwa anakumbuka kila neno.