Mjukuu Akililia Wembe



Sisi tunaoandika ukurasa huu ni mababu wawili wa kijana mmoja, mmoja mzaa baba na mwingine mzaa mama, wote wakazi wa Tanga. Tuliombwa tuandike habari za kurithishana, na huenda walimu walitaraji tutaeleza habari za nyumba au mashamba ya minazi. Sisi tumeona tuandike habari ya mashine ya kunyolea. Si ile ya umeme ya kinyozi, bali ile ya chuma ya zamani, unayoifungua kichwa, ukaweka wembe wa makali mawili, kisha ukaikaza.

Mjukuu wetu yuko katika mwaka wake wa kumi na tano. Baba yake, mtoto wa mmoja wetu, alikuwa akinyolea zile za plastiki za kutumia na kutupa, na alipotangulia mbele ya haki hakuacha ya kumrithisha mwanawe. Likizo iliyopita kijana alirudi kutoka bweni na vipele na mikato shingoni. Tukamdadisi kwa utani, kama mababu wanavyowadadisi wajukuu, naye akatuambia kuwa wembe mmoja huzunguka kwa vijana watano. "Lakini tunausuuza, Babu," akasema. Hapo utani ukaisha. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba nzima, tena katika damu kidogo usiyoiona kwa macho, wala maji ya bomba hayatoshi kuviondoa. Habari ya Ukimwi mmeshafundishwa.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walikusudia ajikate apate funzo. Sisi tukasema huyu wetu tumpe, lakini tumpe ulio wake peke yake.

Kijana aliyebaleghe hana pa kuukimbia wembe, hata akizifuga ndevu zake kama inavyotakiwa. Mtume (S.A.W.) alitaja mambo matano ya maumbile, na kunyoa kinena ni mojawapo, pamoja na khitani, kupunguza masharubu, kukata kucha na kuondoa nywele za kwapa. Anas bin Malik (R.A.) akasimulia kwamba wamewekewa muda, wasiyaache mambo hayo ya kukata na kunyoa zaidi ya siku 40. Kwa hiyo mashine ni chombo cha tohara kabla ya kuwa chombo cha urembo.

Baina yetu tulikuwa nazo tatu. Zote ni Gillette, kampuni ya yule Mmarekani, King Camp Gillette, aliyeanza kuuza mashine zake mwaka 1903 na mwaka ule akauza 51 tu pamoja na nyembe 168. Uzuri wa uzao huu ni kwamba wembe unaouzwa dukani leo, uwe Treet wa Pakistani au Lord wa Misri, unaingia katika mashine iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ziko mashine nyingine za kale zenye wembe wa umbo lake pekee, na ule wembe ukiacha kutengenezwa, mashine inabaki pambo la kabati. Anayetaka kumrithisha mtu aanze kuuliza hapo.

Ya kwanza ilikuwa seti ndani ya kisanduku, imepakwa dhahabu, na ndani yake mna brashi ya sabuni. Inang'aa, na kijana angeipenda. Lakini wanazuoni wengi wamelipanua katazo la kula na kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha likaingia matumizi mengine. Na kwa kilichopakwa tu, mafakihi wa Kishafi hutazama: kikitiwa motoni pakapatikana dhahabu ya kukusanyika, ni haramu, pasipopatikana kitu, kinaruhusiwa. Sasa nani ataitia mashine motoni ili ajue? Na ile brashi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kwenye brashi za zamani, ukiona mpini umeandikwa bristle, jua kuwa ni nywele za nguruwe. (Hata za farasi zina habari yake: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, brashi za nywele za farasi zisizosafishwa vizuri ziliwaambukiza askari kimeta.) Kijana tumemnunulia ya nailoni. Seti ya dhahabu tumeiuza, na fedha zake zimelipia kipimo chake cha homa ya ini na chanjo, ambayo ni sindano tatu.

Ya pili babu mzaa mama aliletewa na baharia miaka mingi iliyopita. Ni nzito, ina shingo nene yenye namba 1 mpaka 9, na kadiri unavyopandisha namba ndivyo pengo la wembe linavyozidi. Chini ya kichwa chake imechongwa F na 1. Gillette wa Marekani walikuwa wakizitia mashine zao alama za namna hiyo: F ni mwaka 1960, na 1 ni robo ya kwanza ya mwaka. Babu huyu alizaliwa mwaka 1960. Mtaona kwa nini moyo wake ulikuwa hapo, na kwa siku kadhaa tulibishana barazani mpaka kahawa ikatupoa vikombeni. Hoja iliyomtuliza ilikuwa ya fundi, si ya moyo. Ndani ya mashine ile mna vipande vidogo vingi vinavyozunguka, na kikivunjika kimoja, mjini kwetu hatumjui wa kukitengeneza. Tena mvulana asiyezoea, ukimpa namba 9, ataigeuza awe nayo kwenye 9.

Ya tatu ni ya baba yake babu mzaa baba, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge. Ni aina inayoitwa Tech, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1938. Hii ni ya Uingereza, ambako Gillette walikuwa na kiwanda Isleworth, magharibi ya London, kilichofunguliwa mwaka 1937 na kufungwa mwaka 2006. Ina vipande vitatu tu: kifuniko, kitako na mpini. Hakuna cha kuharibika. Kichwa chake kinayaacha makali yachungulie kidogo sana, kwa hiyo haina pupa na ngozi changa. Nikeli imemomonyoka pale vidole vinaposhika na shaba ya njano inaonekana. Ukiigusisha sumaku hainasi, ndiyo dalili kuwa chini yake si chuma cha kushika kutu. Tuliambiwa tuipeleke ikapakwe upya. Tumekataa, maana pale palipochakaa ni vidole vya babu wa baba yake.

Hapa sasa ndipo penye uzito. Baba wa kijana amefariki kabla ya babu yake, na baba zake wadogo wako hai. Katika mirathi, mtoto wa kiume aliye hai humzuia mjukuu. Siku babu mzaa baba atakapoondoka, kijana huyu hatakuwa na fungu. Ndiyo sharia, na hatuna la kuilalamikia, kwa kuwa sharia hiyo hiyo imeacha milango: wasia usiozidi theluthi kwa asiyekuwa mrithi, na hiba mtu akiwa hai. Wasia umeshaandikwa na mashahidi wapo. Mashine tukataka iwe hiba, na hiba haitimii mpaka mpewaji akabidhiwe mkononi. Kuiweka kabatini ukasema "hii ya mjukuu wangu" hakumpi kitu; siku ya kifo inahesabiwa pamoja na sufuria.

Na kabla ya kutoa ilibidi tuulize ni mali ya nani. Marehemu mwenyewe alifariki mwaka 1984. Nyumba iligawiwa, minazi ikagawiwa, mashine hakuna aliyeitaja, ikabaki katika kopo. Maana yake bado ni ya warithi wake wote, yaani babu mzaa baba na dada zake wawili. Wengi hucheka wakisikia mtu anaomba idhini ya kitu kidogo hivi. Tuliwapigia simu. Yule wa hapa Tanga alisema chukueni, Mungu awabariki, akarudi kwenye mapishi yake. Yule aliye Muscat alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo ndiyo iliyoninyoa mimi."

Na kweli. Marehemu alikuwa akiwanyoa watoto wake mwenyewe siku ya saba ya akika, kwa mashine hiyo hiyo na wembe mpya, kisha akipima nywele atoe uzito wake wa fedha sadaka. Dada mtu akaridhia. Akaongeza tu kwamba kijana akioa na kupata watoto, asiende kuazima mashine kwa watu.

Tuliisafisha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki uliokwisha kazi, kisha tukaipangusa kwa spiriti. Haikuchemshwa wala kutiwa siki, maana siki hula nikeli. Ijumaa, baada ya swala, tukamkabidhi kijana, naye akaipokea kwa mikono miwili. Tukamwonyesha kulainisha nywele kwanza kwa maji ya moto, kuacha uzito wa mashine ufanye kazi bila kukandamiza, na kufuata nywele zinakoelekea. Tukampa pia kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko, nyembe zilizotumika ziingie humo zisije zikamkata anayezoa taka.

Akauliza kama anaweza kwenda nayo bweni. Tukamjibu mashine ni yake, aende nayo, na mwenzake akiomba wembe ampe mpya kutoka kwenye pakiti. Pakiti ya kwanza tumempa sisi. Ya pili atajinunulia.