Nguo ya Miezi Tisa: Matembezi ya Barabara ya Biashara

Anayeingia Barabara ya Biashara kutokea upande wa Barabara ya Digo hupokewa na leso kabla hajapokewa na mtu. Zimetundikwa kuanzia juu ya milango hadi karibu na vizingiti, nyekundu, za manjano, za buluu iliyokoza, na upepo ukipita huinuka zote kwa pamoja. Chini yake, barazani, mafundi wameinamia vyerehani vyao wakipiga pindo, kwa kuwa leso huuzwa mbili zikiwa hazijatenganishwa, na fundi huzikata na kuzipinda mnunuzi akingoja. Wanawake wa Mombasa huja hapa kutafuta nguo za arusi, za Idi, za matanga na za uzazi. Tulifika mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma, na saa nne ya asubuhi jasho lilikuwa limekwisha kutulowesha migongo.

Tulikuwa wanawake watatu wa nyumba moja ya Mji wa Kale: mavyaa, wifi, na mkaza mwana aliyekuwa katika mwezi wa saba wa uja uzito wake wa kwanza. Huyu wa mwisho ni mwalimu. Kwa majuma mawili alikuwa akirudi kutoka shuleni na kujifungia chumbani. Mwaliko wa arusi aliukataa, maulidi ya jirani hakwenda, na siku yake ya kliniki aliiahirisha. Alipobanwa aseme sababu, alijibu kwa maneno mawili: buibui halifungi. Yote manne aliyokuwa nayo yalishonwa kwa kipimo cha mwili wa mwaka uliopita, na lile moja lililomwingia lilimfanya, kwa kauli yake, aonekane amevaa la mtu mwingine. Wapo watakaoliona jambo hili dogo. Sisi hatukuliona hivyo, maana mwanamke anayekosa kupimwa presha kwa sababu ya vishikizo amekwisha kuingizwa hatarini na nguo yake.

Duka la kwanza tuliloingia, na jina lake tutalisitiri, muuzaji alimtazama juu hadi chini akasema, "Kwa hali yako, dada, chukua lolote kubwa. Miezi miwili tu, kisha utalitupa." Tulimshukuru tukatoka.

Maneno hayo yanastahili jibu, kwa kuwa hayasemwi na muuzaji mmoja. Maduka mengi humwekea mja mzito njia mbili tu: gauni la kumfunika kama godoro lililotandikwa shuka, au vazi la kubana kutoka nchi za nje, linalolichora tumbo kwa kila mwenye macho. La kwanza humsitiri bila kumpamba, na la pili humpamba bila kumsitiri. Stara ni kusitiri umbo, wala haijapata kuwa amri ya kuonekana vibaya. Hiyo miezi miwili nayo ni hesabu mbovu. Tumbo huanza kuonekana mwezi wa nne au wa tano, na baada ya kuzaa mwili haurudi ulivyokuwa kwa siku moja. Nguo iliyochaguliwa vyema huvaliwa karibu mwaka mzima, na hilo nguo nyingi za Idi hazilifikii.

Dera ndilo lililotujia mikononi kwanza. Asili yake ni dirac ya Wasomali, na wanawake wa pwani wamelichukua hata likawa lao. Ni kitambaa kipana kilichoshonwa ubavuni na kuachwa wazi shingo na mikono, halina kiuno, na kwa hiyo tumbo likikua halipati cha kugombana nacho. Kwa kupika, kwa kulala mchana, kwa kukaa uani na wageni wa kike, hatujui vazi la kulishinda. Lakini lina mambo mawili ya kuangaliwa. Wepesi wake huangaza, hata halivaliki mbele ya watu bila kamisi ndani, na kamisi ya lastiki kiunoni ni yule yule adui tuliyekuwa tukimkimbia. Dawa yake ni kamisi ndefu inayoshika mabegani. Jambo la pili ni urefu. Dera huburura, na mja mzito wa mwezi wa saba haoni tena nyayo zake. Ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale ni nyembamba na zimesimama wima, na mteremko wa feri ya Likoni hujaa watu wanaokimbia. Akishika mkoba kwa mkono mmoja na kuinua dera kwa mkono wa pili, mkono wa kushika ukuta atautoa wapi? Tulinunua mawili, na yote mawili tukayakata pindo hadi vifundoni pale pale barazani.

Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake hujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla na ambalo huhesabu biashara yake tangu 1887, limo katika barabara hiyo hiyo. Hapo mavyaa alipata sauti. "Sisi tumezaa na leso, mwanangu," alisema. "Moja kiunoni, moja mabegani, na tumbo likaenda lilikotaka." Hatukumpinga. Leso ni pamba, hunywa jasho, hufuliwa na kukauka kabla ya alasiri, na mwenye kuivaa ndiye anayeamua aikaze au ailegeze. Hata hivyo ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa hesabu. Urefu wake ni kama sentimita 150. Mwanamke ambaye mzunguko wa tumbo lake umefika sentimita 105 hubakiwa na 45 tu za kupishanisha, na hatua ndefu moja au upepo wa barabarani hutosha kuzifungua. Nyumbani hilo halina neno. Njiani haifai, ila ndani ya buibui.

Njia ya kati ni gauni la leso: kipande kimoja mbele, kimoja nyuma, mshono ubavuni, shingo ikatwe kwa juu. Hupendeza mno, kwa kuwa pindo la leso huzunguka mwili kama fremu ya picha na mji wake hukaa sawasawa juu ya mji wa mimba. Ila tunamtahadharisha atakayeshona asome kwanza jina la leso. Maandishi hayo yatamlalia mbele, na kila siku yatazidi kutangulia. Tuliwahi kumwona bibi mmoja, mwezi wake wa nane, akipita Langoni na fumbo la kumsuta jirani limetanda juu ya tumbo, na jirani mwenyewe amekaa barazani. Mkaza mwana alichagua la dua.

Baada ya leso tulikwenda kwa fundi, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Ni mzee wa makamo, na duka lake ni upana wa mlango. Futi aliipokea mavyaa, kwa kuwa fundi wa heshima hampimi mwanamke kwa mkono wake. Yeye hukaa upande wa pili wa pazia akiandika anayotajiwa. Kabla ya kipimo chochote aliuliza, "Bi, mwezi wa ngapi?" Alipojibiwa alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo hatukulisikia katika maduka yote matano tuliyopita: "Tumbo hula urefu wa mbele."

Alitueleza akitumia kipande cha bafta. Gauni likikatwa sawa mbele na nyuma, tumbo hulivuta juu, pindo la mbele huinuka na kuonyesha miguu, na la nyuma hubaki likifagia. Ndiyo sababu gauni la kawaida, hata likiwa kubwa namna gani, humkaa mja mzito vibaya. Dawa ni kuongeza kipande cha mbele vidole vitatu au vinne katikati, kisha kupunguza polepole kuelekea ubavuni. Mshono wa kukata gauni hautakiwi kiunoni, kwa kuwa kiuno kwa sasa hakipo. Hupandishwa hadi chini ya kifua, na marinda huanzia hapo, mbele peke yake. Nyuma huachwa laini, kwa sababu marinda ya nyuma humnenepesha mtu bure. Ndani ya mishono ya ubavu huachwa vidole viwili kila upande, vya kufumuliwa mwezi wa tisa. Mkono uwe mpana wa kuweza kukunjwa hadi juu ya kiwiko, ili muuguzi afunge kipimo cha presha. Na kifuani iwekwe zipu iliyofichwa chini ya taraza, kwa ajili ya kunyonyesha.

Hapo palizuka mjadala. Mavyaa aliona mshono wa chini ya kifua unachora, na mkaza mwana aliona gauni lisilo na mshono ni gunia. Fundi hakuingilia. Tulikubaliana kwamba gauni lishonwe hivyo kwa ajili ya nyumbani na hafla za wanawake, na barabarani livaliwe ndani ya buibui jipya, pana, lisilo na mshono huo, lakini lililokatwa kwa kanuni ile ile ya mbele kuzidi nyuma. Hapo kila mmoja alitabasamu kwa sababu yake.

Kuhusu kitambaa fundi hakutaka mjadala. Mabuibui mengi meusi yanayouzwa sasa ni ya poliesta, ambayo hung'aa na haikunjiki, lakini hufungia joto ndani, na mwanamke mwenye mimba huhisi joto zaidi ya wenzake. Muuzaji wa jirani aliapa kwamba chake ni pamba. Fundi alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti: ukayeyuka na kuwa tone gumu jeusi. Uzi wa pamba, alituonyesha kwa wake, huungua kama karatasi na kubaki jivu laini. Tulichukua pamba nyepesi ya rangi ya zambarau iliyokoza kwa gauni, na taraza nyembamba ishuke kutoka shingoni hadi pindoni, kwa kuwa jicho hufuata mstari kwenda chini wala haliendi ubavuni. Mtandio tulichagua wa rangi ya waridi, uangaze uso. Katika miezi ambayo mwili wote unabadilika, uso ndio unaobaki wa mwenyewe, na mwanamke ana haki ya kuupamba.

Vazi la tatu lilikuwa la kliniki, na tunawasihi wasomaji wetu wasilisahau. Muuguzi huhitaji kulifikia tumbo, kwa kuwa hulipima kwa futi kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba, na baada ya wiki ya 20 sentimita hizo hukaribiana na idadi ya wiki za mimba. Aliyevaa gauni la kipande kimoja hulazimika kulipandisha lote kutoka miguuni. Sketi yenye mkanda laini na blauzi ndefu inayofika magotini humwezesha kufunua kinachohitajika peke yake. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limependekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya mara nane. Kwa mara zote nane hizo, vazi la vipande viwili ni pumziko kubwa la haya.

Alasiri tulivuka daraja la Nyali hadi Kongowea. Soko lile halina kivuli cha kutosha wala njia pana, na hatumshauri mja mzito kwenda humo saa ya msongamano. Yetu tulimkalisha kwa muuza madafu. Lakini katika mitumba ya Kongowea hupatikana kitu ambacho Barabara ya Biashara haina: suruali za wajawazito kutoka Ulaya, zenye kitambaa laini cha kuvutika mahali pa kiuno, kinacholifunika tumbo lote bila kulikata. Zikivaliwa ndani ya buibui hazionekani, na huzuia mapaja kuchubuana kwa jasho. Tulipata mbili nzima. Zifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kuvaliwa. Sidiria hatukuzigusa: hizo tunaona zinunuliwe mpya, zisizo na waya, na zipimwe upya kila baada ya miezi miwili, kwa kuwa kifua nacho kina safari yake.

Njiani kurudi, mkaza mwana alitaja kwamba makubadhi yake yalikuwa yamembana tangu adhuhuri. Miguu kuvimba jioni katika miezi ya mwisho ni jambo la kawaida, na viatu vya namba moja zaidi huliondoa. Lakini pete ikikataa kutoka ghafla, uso ukivimba asubuhi, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, shida hiyo haitatuliwi na fundi wala muuza viatu. Ni ya kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa presha ya mimba. Wake ulikuwa uvimbe wa kutembea tu, alhamdulillahi, na kliniki aliyoiahirisha alikwenda Jumatatu.

Fundi alitaka nusu ya malipo mbele na akatuahidi Alhamisi. Tulimpa Jumamosi, maana Alhamisi ya fundi tunaijua. Kabla ya kuondoka, mavyaa alirudi peke yake dukani akanunua leso tatu zaidi za pamba nzito, zisizo na maneno ya mafumbo. Hakuzionyesha kwa mkaza mwana wala hakusema ni za nini. Alizitia chini kabisa ya kikapu, juu yake akaweka tikiti, tukatafuta tuktuk ya kurudi nyumbani.