Bendi Iliyovuka Bahari

Utazamapo mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, macho yako huwa kwa waigizaji. Mpiga tromboni humwoni. Yu gizani, akimtazama kiongozi wa bendi, akingoja zamu yake. Kesho atapiga nota zile zile, na keshokutwa vile vile. Akiibadili moja kwa kutaka sifa, mwimbaji aliye juu hupotea.

Ndiyo kazi waliyokuwa nayo wapigaji wa King Kong, mchezo wa maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, ambao muziki wake ulitungwa na Todd Matshikiza. Ulifunguliwa Johannesburg Februari 1959, katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambako weusi na weupe waliweza kuketi chini ya paa moja. Nje ya ukumbi huo, mpiga saksafoni mweusi arudipo usiku bila pasi mfukoni alijua atakakolala: rumande.

Februari 1961 mchezo uliingia Princes Theatre, London. Hebu fikiri: baridi kali, chumba cha kupanga, makofi ya wageni kila usiku, na asubuhi watembea barabarani pasipo polisi kukudai pasi. Nani angekuwa na haraka ya kurudi? Nathan Mdledle, aliyeigiza bondia huyo, alibaki Uingereza. Jonas Gwangwa, mpiga tromboni, alikaa uhamishoni miaka ipatayo 30, akaliongoza kundi la Amandla la chama cha ANC, ndipo akarejea kwao mwaka 1991. Matshikiza alifia ugenini, Zambia, mwaka 1968.